Wa Mwisho Kuvuka Sabaki

Jumapili ile Njenga alitangulia kufika Mambrui, kama ilivyokuwa desturi yake. Akaondoa turubai lililofunika magari manne chini ya mivinje, akayapangusa mchanga, akaanza kuyatilia petroli iliyochanganywa na oili.

Watu wa pale waliyaita magari hayo vyura. Kila moja lilikuwa na umbo la karai kubwa la faiba, na chini yake magurudumu sita mafupi, manene, yasiyo na springi. Usukani hayakuwa nao. Dereva alishika vyuma viwili, kimoja kila mkono. Akivuta cha kulia gari linapinda kulia, akivuta cha kushoto linapinda kushoto, akivuta vyote linasimama. Mchangani yaliruka. Topeni yalitambaa. Na yakiingia majini yalielea, magurudumu yakichapa maji kama makasia mpaka ng'ambo.

Yalikuwa magari ya zamani. Hoteli moja kaskazini ya Malindi iliyaleta enzi zile watalii walipojaa pwani, ikawa inawatembeza nayo juu ya vilima vya mchanga. Hoteli ilipofungwa, magari yakaachwa nyuma ya jengo, nyasi zikaota ndani yake. Thoya, aliyekuwa dereva pale, ndiye aliyekumbuka kwamba bado yapo. Akawaambia rafiki zake: Njenga, fundi wa jenereta na pampu, Kyalo, mwalimu wa sekondari, na Owen, mwenye duka la dawa mjini Malindi. Wakayaomba kwa mwenye kiwanja, wakapewa, wakayafufua moja baada ya jingine, kwa mikono ya Njenga zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Tangu hapo, Jumapili moja ya kila mwezi, watu wazima wanne walivaa kaptula, wakaacha heshima zao nyumbani, wakaja kuchafuka.

Mpangilio wao njiani haukubadilika. Mbele Thoya, kwa kuwa aliijua ardhi ile. Akifuata Owen, halafu Kyalo. Nyuma kabisa Njenga, na kamba ya kuvutia na sanduku la spana, ili yeyote atakayekwama ajue fundi yuko nyuma yake anakuja.

Zamani sanduku hilo lilikaa chini, miguuni. Kwenye kiti cha kulia kwake alikaa Wangu, mkewe, amejitanda leso kichwani, akipiga kelele kuliko injini. Akiona heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wametua kwenye maji ya chumvi, atapaza sauti, "Thoya! Simama! Hebu tazameni!" na msafara mzima utasimama, watake wasitake. Akiona Owen amekwama, atacheka mpaka mbavu zimuume. Wangu alikufa mwaka juzi, kwa ugonjwa uliomchukua upesi mno kwa mtu mwenye kelele kiasi kile. Baada ya mazishi Njenga aliweka sanduku kitini, maana chura asiye na uzito upande mmoja huenda kombo. Na tangu hapo hapakuwa na mtu wa kuusimamisha msafara.

Kuna jambo jingine lililobadilika. Mchezo ulipokwisha, wenzake walikuwa na mahali pao pa kula samaki, pale Mambrui, kwenye banda la makuti. Njenga alizoea kusema, "Tangulieni, nafunika magari." Kisha akayafunika, akaenda zake barabarani, akapanda bodaboda mpaka nyumbani kwake, Malindi. Hakuaga. Mwanzoni walimpigia simu. Baadaye wakaacha.

Siku hiyo Owen alifika na wageni. Mpwa wake Hannah na mumewe walikuwa wameshuka kutoka Nairobi kwa mapumziko, wamevaa viatu vyeupe.

"Mtavijutia hivyo viatu," Thoya aliwaambia, akicheka.

Owen akawapangia. "Hannah, panda na Thoya, yeye ndiye rubani. Bwana harusi, wewe njoo kwangu. Yule ni Mwalimu Kyalo. Na yule kule nyuma ni fundi wetu, amebeba vyuma, kwake hakuna nafasi."

Njenga alikuwa ameinama anakaza kizibo cha chini, kile kinachozuia maji kuingia. Alisikia "fundi wetu." Hapakuwa na ubaya katika sauti ya Owen, ni kweli alikuwa fundi, na ni kweli alikuwa wa kwao. Lakini alibaki ameinama kwa muda, ingawa kizibo kilikuwa kimeshakazika.

Kyalo alipita na mfuko wake wa nailoni usiopitisha maji. "Simu, wazee. Simu zote humu." Kila mtu akatumbukiza yake. Njenga naye akatumbukiza. Akavuta kamba ya kuwashia mara moja, mara ya pili, injini ikakohoa, ikashika.

Wakatoka kwa kishindo, moshi wa buluu ukitanda nyuma yao. Walipanda vilima vya mchanga kwa mshazari, wakafika kileleni, wakashuka upande wa pili kama magunia yanayoporomoshwa. Hannah alipiga mayowe. Mayowe hayo yalimfikia Njenga nyuma, na kwa kitambo kifupi moyo wake ulidanganyika. Akageuka upande wa kulia. Sanduku la spana lilikuwa linatikisika kitini.

Walifika mlango wa mto Sabaki maji yakiwa yamekupwa. Pale mto hujitawanya kabla ya kuingia baharini, ukaacha mafungu ya tope jekundu na vijito kati yake, na ukingo wa pili ukaonekana karibu kuliko ulivyo. Viboko hukaa juu zaidi, kwenye matete, na Thoya aliwaonyesha wageni mahali pa kutopita. Kisha wakaanza mchezo wenyewe, kuzunguka juu ya tope, kujitumbukiza kijitoni, kuelea, kupanda fungu jingine. Tope likaruka mpaka nyusoni. Viatu vyeupe vikawa vyekundu.

Kyalo ndiye aliyekwama. Cheni ya upande wake wa kushoto ilikatika katikati ya fungu la mwisho, mbali na wengine. Njenga akamfikia, akalala kifudifudi juu ya ukingo wa karai, mikono ndani ya grisi mpaka viwikoni.

"Ni kiungo tu," alisema. "Ninacho kimoja."

"Kimoja tu?"

"Hiki hiki."

Kyalo alisimama juu yake akitazama walikokwenda wenzao. Mbinguni upande wa bahari palikuwa pamekuwa peusi, na upepo wa baridi ulianza kuvuma. Thoya alikuwa amekwisha kugeuza, anapunga mkono kwamba warudi. Njenga akafunga kiungo, akakigonga, akakijaribu kwa kidole.

"Haya. Nenda."

"Asante sana, bwana. Leo ningelala hapa." Kyalo akaruka ndani, akavuta kamba, injini ikashika. Akainua kidole gumba bila kugeuka, akaondoka, akiwafuata wenzake.

Njenga akakusanya spana zake. Akanawa mikono kwenye maji ya chumvi. Akawasha, akashuka kijitoni kufuata njia ya Kyalo, na katikati ya kijito akasikia mlio anaoujua, kama mtu aliyevunja ukuni gotini. Cheni yake mwenyewe ilikuwa imekatika, ya upande wa kulia. Magurudumu ya kushoto yaliendelea kuchapa maji, ya kulia yakakaa kimya, na chura akaanza kuzunguka palepale.

Akazima. Akasimama, akazungushia mdomo viganja viwili. "Kyalo! Kyaloo!"

Injini tatu zilikuwa zinanguruma kwenye mlima wa mchanga. Aliwaona wakipanda: Thoya, Owen, na kwa mbali Kyalo anayewakimbilia. Mvua ikafika kwa mkupuo mmoja, nene, ya kulazwa na upepo. Kitambaa cha kichwa cha Hannah kilipepea kileleni, halafu mlima ukawa mtupu. Njenga aliita tena. Safari hii aliisikia sauti yake, ndogo, ya mzee, na akaona aibu kana kwamba kuna mtu anamsikiliza. Akakaa.

Aliwaza kwamba watakapofika kwenye mivinje watahesabu magari. Watarudi. Akajikunyata chini ya mvua na kungoja mngurumo.

Kutembea hakungewezekana. Tope la pale humeza mtu mpaka mapajani, na goti lake moja halikuwa zima. Alijaribu kuwasha tena ajisukume japo kwa kuzungukazunguka, lakini mvua ilikuwa imeingia kwenye plagi na injini ikakataa kabisa. Mvua ikapita. Jua likatoka, joto, kama vile hapakutokea kitu. Mlima wa mchanga ulikuwa mweupe na hapakuwa na mtu juu yake. Halafu maji yakaanza kujaa.

Yalikuja kimya, kwa ndimi nyembamba kati ya mafungu, ya chumvi yakiyasukuma ya mto. Fungu ambapo alimtengenezea Kyalo gari likawa dogo, likawa kama mkeka, likatoweka. Chura akainuka na kuanza kwenda, si kaskazini kwa wenzake, bali ndani, kuelekea mtoni. Njenga akang'oa kifuniko cha sanduku la spana, akakifanya kasia. Alipiga maji mpaka mabega yakawaka. Kila alipopumzika, mkondo ulimrudisha na kumwongezea.

Upande wa matete kiboko alikoroma. Sauti ile ilipita juu ya maji, nzito, ikagonga faiba chini ya miguu yake. Njenga akatulia tuli, kifuniko magotini. Hakuogopa sana kama alivyodhani angeogopa. Alikuwa anawaza jambo jingine. Alikuwa anajaribu kufikiri ni nani, saa ile, popote alipo, aliyekuwa anauliza Njenga yuko wapi. Vivian, bintiye, yuko Nakuru na watoto wake. Yeye hupiga simu Jumapili jioni. Mbali na Vivian alizunguka mawazoni mtu mmoja mmoja, majirani wa mtaani kwake, Shella, watu wa kanisani, wateja wa zamani, na kila alipofika alikuta mlango umerudishwa, si kwa ubaya, umerudishwa tu.

Maji yalimfikisha ukingo wa kusini, chura akajibana kwenye matete, akakwama.

"Weee! Ni mtu au ni mzigo?"

Mwanamke alikuwa amesimama juu ya ukingo, panga mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Nyuma yake palionekana mahindi na matuta ya mchicha.

"Ni mtu, mama."

"Mbona umekaa ndani ya karai?"

Njenga alitaka kueleza, akashindwa aanzie wapi. "Ni gari," alisema.

Mwanamke yule akalitazama gari, akamtazama yeye, akacheka kicheko kifupi kisicho na dharau. "Haya, tupa hiyo kamba." Akashuka mpaka maji yakamfika magotini, akaishika kamba, akavuta huku Njenga akisukuma kwa kifuniko. Walipoifunga kwenye shina la mkoko, alimpa mkono akamwinua juu. Mkono wake ulikuwa mgumu na wenye joto.

"Pole, mutumia," alisema. "Mimi Kadii. Umeumia?"

Neno lile lilimgusa Njenga mahali asipopatarajia. Kwa Wagiriama ni neno la heshima, mzee. Kwa Wakikuyu, kwao Njenga, mutumia ni mke. Walipohamia pwani wangali vijana, mtu alimwamkia hivyo sokoni, na Wangu alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Mwezi mzima akawa anamwita hivyo: mutumia, njoo ule, mutumia, umeniwekea wapi kibiriti?

"Sijaumia," alisema. "Naitwa Njenga."

Kadii alimpeleka penye kibanda chake cha shamba, palipokuwa na moto na sufuria ya mihogo. Mama mkwe wake alikuwa amekaa juu ya kigoda anapukuchua mahindi; Njenga akamwamkia, bibi akaitikia bila kuacha kazi. Kadii akampa mihogo na pilipili ya kusaga, na chai katika kikombe cha bati.

"Na wenzio wako wapi?" aliuliza. "Maana mchana nimesikia ngurumo nyingi."

"Wako nyuma. Wanakuja."

"Aa, basi tuwangoje."

Njenga alitamani asingalisema hivyo. Sasa alikuwa na mtu wa kungoja naye, na kila dakika iliyopita ilikuwa inapita mbele ya macho ya mtu. Kadii aliendelea na kazi zake, akamwaga maji kwenye mchicha, akafukuza nyani mmoja, akarudi. Kila aliporudi alitupa jicho mtoni, kisha barabarani, kisha akaliondoa kwa adabu. Njenga naye alitega sikio kila pikipiki ilipopita mbali kwenye daraja. Aliijua sauti ya kila injini pwani ile, na hakuna iliyokuwa ya kwao.

Jua lilipoanza kuteremka Kadii akaketi mbele yake, akafuta mikono kwenye kanga.

"Baba, usikasirike nikikuuliza. Hao wenzio wanajua kwamba hupo?"

Bibi aliacha kupukuchua.

Njenga alitazama ndani ya kikombe. Angeweza kusema wanajua, wamechelewa kwa ajili ya mvua. Lilikuwa jibu lililo tayari mdomoni.

"Sijui," alisema.

Kadii hakusema pole. Alichukua kikombe, akakijaza tena, akamrudishia.

Walifika saa ya magharibi, Thoya na Kyalo, kwa pikapu ya Thoya, baada ya kuuliza ukingo mzima kutoka darajani. Thoya alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Alikuja mbio, akamshika Njenga mabega yote mawili, akamgeuzageuza kama mtu anayekagua mtungi. "Alhamdu... Mungu wangu. Uko mzima. Uko mzima, ndugu yangu."

Kyalo alibaki nyuma, simu ya Njenga mkononi.

"Vivian alipiga," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetapika kitu. "Simu ililia ndani ya mfuko, nikaitoa nikaona jina lake. Nikapokea. Akasema, nipe baba. Nikageuka nikupe."

Akaitazama simu. Njenga akangoja.

"Nikageuka nikupe," Kyalo alirudia, "na ndipo nilipoona."

"Mlikuwa wapi?"

"Bandani."

"Mlikuwa mmekula?"

Kyalo alimtazama Thoya, Thoya akatazama chini. "Tulikuwa tumekwisha kula," alisema Kyalo. "Mvua ilikuwa kubwa, tuliyaacha magari nyuma ya banda, hatukufika kwenye mivinje. Tukadhani umeenda nyumbani. Njenga, wallahi tulidhani umeenda nyumbani."

"Mlikula samaki?"

"Samaki."

"Alikuwa mzuri?"

Macho ya Kyalo yalijaa machozi. Njenga hakuwa amekusudia kumtesa. Alitaka tu kujua, kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuielewa, samaki yule alikuwaje. Akamshukuru Kadii, akamuaga bibi, akapanda pikapu.

Juma lile simu yake ililia kuliko ilivyokuwa imelia kwa mwaka mzima. Kyalo alipiga kila asubuhi. "Umeamkaje? Umekunywa chai?" Owen alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi, kisha akaja mwenyewe na dawa ya goti ambayo hakuombwa, akakaa ncha ya kiti, akaondoka upesi. Vivian alilia kwenye simu, halafu akakasirika, halafu akasema, "Baba, njoo Nakuru. Ukae nasi. Huko una nani?"

"Nitafikiri, mami," alimjibu.

Na alifikiri. Alikaa kwenye kibaraza akafikiri, na kila simu iliyolia ilimfanya ajisikie kama mgonjwa anayezungukiwa na wauguzi kwa zamu. Walimwuliza kama amekula. Hakuna aliyemwuliza kitu kingine.

Siku chache baadaye alinunua viungo vya cheni, akapanda bodaboda mpaka shambani kwa Kadii. Chura alikuwa palepale, amefungwa kwenye mkoko, na kuku wawili wamepanda ndani. Kadii akamsalimu, akamwonyesha mchicha ulivyopendeza baada ya mvua, akarudi kwenye kazi yake. Hakumzungukazunguka, na Njenga alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Akafungua kifuniko cha injini, akaanza kukausha plagi.

Alikuwa amelala chini ya gari aliposikia pikapu. Viatu vya Thoya vikaja, vikasimama. Alivua shati la heshima alilokuwa amevaa, akalitundika kwenye tawi, akapiga magoti upande wa pili na kushika ncha ya cheni ili Njenga aunge. Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu.

"Nikwambie kweli?" Thoya alisema hatimaye.

"Sema."

"Tangu Wangu aondoke, wewe unakuja na huji. Mara ya kwanza ulipopotea bila kuaga tulikutafuta mpaka Gongoni. Unajua hilo? Hujui. Mara ya pili tukakupigia, hukushika simu. Ya tatu Owen akasema, muacheni, ana majonzi. Tukakuacha." Aligeuza cheni mkononi. "Halafu tukazoea."

"Kuzoea ni rahisi hivyo?"

"Ni rahisi sana. Hata mimi kumenitisha."

Njenga alibana kiungo kwa koleo mpaka kikalia. Alijua kila neno lilikuwa kweli, na ukweli wake haukumpunguzia kitu. "Nami nikwambie," alisema akiwa bado chini ya gari, ambako uso wake hauonekani. "Baada ya kumzika Wangu, hakuna aliyekuja nyumbani. Wewe ulikuja mpaka mlangoni mara moja, ukaniletea nazi, ukaondoka na gari linanguruma. Hukuzima hata injini."

Thoya aliachia ncha ya cheni.

"Niliogopa," alisema. "Nyumba ile bila kelele zake... nilisimama pale mlangoni nikasikia saa ya ukutani. Sikuwahi kujua mna saa ya ukutani. Nikaogopa, Njenga. Nikakimbia."

"Mimi nakaa humo."

"Najua."

"Kila siku nakaa humo."

"Najua, ndugu yangu. Nisamehe."

Njenga akatoka chini ya gari. Walitazamana, wazee wawili wenye grisi. Thoya akanyoosha mkono, akamfuta tope begani ingawa mkono wenyewe ulikuwa mchafu zaidi. Kisha Njenga akavuta kamba ya kuwashia. Injini ilikohoa, ikashika, kuku wa Kadii wakatawanyika.

Thoya alivaa shati lake. Alikuwa njiani kwenda matangani Ganze, shemeji yake amefiwa, na watu walikuwa wanamngoja. "Liache hapa mpaka Jumapili," alisema. "Tuje wote tulivushe. Usivuke peke yako."

"Maji ni mazuri sasa hivi. Nitavuka."

"Basi niwapigie niwaambie nimechelewa. Nizunguke kwa daraja nikungoje ng'ambo."

Njenga aliona kwamba anasema kweli, angeyaacha matanga. "Nenda," alisema. "Waliofiwa wasikae wakingoja watu. Lakini ukitoka Ganze, pita nyumbani. Uzime injini."

"Nitapita."

"Ukae."

"Nitakaa."

Alimtazama akiondoka, vumbi likatulia. Akamuaga Kadii, ambaye alimfungia mihogo katika jani la mgomba na kusimama ukingoni kumtazama akiingia majini. Magurudumu sita yakachapa maji pande zote mbili sawasawa. Katikati ya mto, palipo papana, Njenga alipunguza mafuta mpaka injini ikabaki inanong'ona. Ukingo aliotoka ulikuwa mbali, na ule anaokwenda ulikuwa mbali vilevile. Heroe walikuwa wametua kwenye maji ya chumvi, wengi, hata ukingo umebadilika rangi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia atazame.

Hakulia makaburini, wala siku ya mazishi, wala siku alipozifunga nguo za Wangu kwenye magunia kumpelekea Vivian. Sasa kilio kilitoka chenyewe, kwa sauti, kinywa wazi, jinsi watoto wanavyolia, na hakuzuia. Alilia kwa ajili ya Wangu, na kwa ajili ya ile Jumapili, na kwa ajili ya saa ya ukutani. Gari lilizunguka polepole chini yake. Hakuna aliyemsikia, mto ule ni mpana.

Kisha akahisi mkondo umebadilika. Maji yalikuwa yameanza kutoka, yanavuta kuelekea baharini, na mtu hakai pale maji yakitoka. Njenga akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaongeza mafuta, akavuta chuma cha kushoto kidogo, akaelekeza pua ya gari kwenye mchanga wa ng'ambo.